Jinsi ya kutabiri mvua kubwa za radi na mafuriko ya ghafla milimani

Siku inayoleta mafuriko ya ghafla milimani mara nyingi haina sura ya siku ya dhoruba. Upepo wa juu ni dhaifu, mvua ya mawe haipo au ni kidogo, na utabiri wa jumla unasema "mvua za radi katika maeneo machache", maneno yaleyale ya jana na juzi. Kinachoibadili siku hiyo ni wingu moja kung'ang'ania juu ya mlima mmoja kwa saa mbili au tatu, huku maji yote yakiteremkia kijito ambacho asubuhi ulikivuka kwa kuruka mawe.

Ndivyo ilivyokuwa Colorado, Marekani, jioni ya tarehe 31 Julai 1976. Wingu la radi lilisimama juu ya sehemu ya juu ya korongo la mto Big Thompson na kumwaga takriban milimita 300 kwa saa chache. Watu 144 walikufa. Sehemu za chini za korongo mvua ilikuwa ndogo tu. Waliokuwa huko waliletewa maji ambayo hawakuyaona yakinyesha.

Kwa hiyo mtabiri wa milimani ana maswali mawili yanayotangulia mengine yote: wingu litasimama wapi, na maji yake yatateremkia wapi. Ukali wa wingu unakuja baadaye. Mwaka 1996 watafiti wa hali ya hewa Doswell, Brooks na Maddox waliiweka kazi hii katika hesabu fupi ambayo bado inafundishwa: jumla ya mvua ni kasi ya kunyesha mara muda wa kunyesha. Kasi yenyewe inatokana na nguvu ya hewa inayopanda, wingi wa mvuke iliobeba, na sehemu ya mvuke huo inayofika chini ikiwa mvua badala ya kukauka njiani. Watu wengi hukodolea macho kasi. Mimi naanza na muda.

Mwongozo huu ni wa anayelazimika kuamua: ofisa wa maafa, kiongozi wa wapanda milima, mwenye kambi kando ya mto, mtabiri anayeanza kazi. Haushindani na tahadhari rasmi. Mamlaka ya hali ya hewa ikitoa onyo, fuata onyo kwanza, hesabu zako zifuate.

Hatua ya 1: Vijue vidakio vyako kabla ya msimu

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa sababu hufanywa mara moja, jua likiwaka, bila haraka.

Kidakio ni eneo lote ambalo tone likidondoka ndani yake huishia kwenye mto mmoja. Chukua ramani yenye mistari ya mwinuko, au data huria za mwinuko kama za SRTM, uchore mpaka wa kidakio kilicho juu ya kila mahali unapopalinda: daraja, kambi, shule, kivuko. Mpaka hupita juu ya migongo ya vilima. Haukati mkondo popote isipokuwa hapo unapopalinda. Kisha andika mambo matatu: ukubwa wa kidakio kwa kilomita za mraba, urefu wa mkondo mrefu kuliko yote, na tofauti ya mwinuko kutoka juu hadi chini.

Tuchukue kidakio cha kilomita za mraba 20, chenye mkondo wa kilomita 7 unaoshuka mita 700. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Zikinyesha milimita 60 kwa saa moja kwenye kidakio chote, umepata mita za ujazo 1,200,000. Nusu yake ikizama ardhini na nusu ikatiririka, na mvua ikaendelea kwa kasi hiyo mpaka maji ya mbali yafike, mto utabeba karibu mita za ujazo 167 kila sekunde. Sasa nenda kwenye kalavati la barabara na kipimo cha utepe. La upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, maji yakipita kwa mita 3 kwa sekunde, linapitisha mita za ujazo 18. Zilizobaki zitapita juu ya barabara, au zitatafuta nyumba.

Muda nao una kanuni yake. Ya Kirpich, ya mwaka 1940, inasema: dakika ni 0.0195, mara urefu wa mkondo kwa mita ukipandishwa kipeo cha 0.77, gawanya kwa mteremko uliopandishwa kipeo cha 0.385. Mteremko ni mita za kushuka gawanya kwa mita za urefu; kwa mfano wetu ni 0.1. Jibu ni kama dakika 43. Kanuni hiyo ilitokana na vidakio vidogo vya mashamba, hivyo ichukue kama makadirio, na kwenye miamba mitupu tegemea maji yaje mapema zaidi. Hata hivyo namba hiyo inakufunza jambo: kuanzia mvua inapokolea hadi maji ya pembe ya mbali kabisa ya kidakio yanapofika darajani, huna hata saa moja.

Baada ya hapo tazama hali ya ardhi. Udongo mzito wa mfinyanzi, miamba, lami na mabati hurudisha maji karibu yote. Mji wa zamani wa Ellicott City, Maryland, umekaa pale vijito vya mabonde yenye mteremko mkali vinapokutana. Ulisombwa tarehe 30 Julai 2016, na tena tarehe 27 Mei 2018. Mlima uliochomwa na moto wa msitu ni hatari ya aina yake, kwa sababu moto huacha tabaka la udongo linalokataa maji na majivu yasiyoshikwa na mizizi. Huko Montecito, California, tarehe 9 Januari 2018, mvua ya muda mfupi iliyonyesha kwenye milima iliyoungua wiki chache tu kabla ilishusha tope na majabali yaliyoua watu 23. Kama sehemu ya kidakio chako imeungua ndani ya miaka miwili mitatu iliyopita, izungushie rangi nyekundu kwenye ramani.

Mwisho, tafuta vizuizi. Maji yanayojikusanya nyuma ya tuta la reli, kalavati lililozibwa na magogo au daraja dogo huja kwa mkupuo pale kizuizi kinapoachia, na mkupuo huo haufuati hesabu yoyote ya mvua. Maafa ya Mai Mahiu nchini Kenya, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, yalitokana na maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuziba. Vizuizi vya namna hiyo vikaguliwe kabla ya msimu, na viandikwe kwa majina.

Hatua ya 2: Siku mbili kabla, pima mvuke

Kwenye chati za modeli, yaani programu za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa, na vipimo vya puto la hali ya hewa tafuta jumla ya mvuke ulio angani, ambayo mara nyingi hufupishwa PWAT na kupimwa kwa milimita. Hicho ni kina cha maji ambayo yangepatikana kama mvuke wote wa safu ya hewa iliyo juu yako ungegeuka maji. Usikimbilie namba yenyewe. Nyanda za juu zina safu fupi ya hewa, kwa hiyo milimita 28 kwenye mwinuko wa mita 1,800 zinaweza kuwa jambo la nadra, wakati pwani ya tropiki milimita 50 ni siku ya kawaida. Swali ni je, thamani hii ni kubwa kiasi gani kwa mahali hapa na kwa mwezi huu? Ikiingia katika asilimia 10 ya juu ya zile zinazoonekana msimu huo, anza kukaza macho.

Tazama pia kama unyevu umepanda juu. Hewa kavu katikati ya anga huingia ndani ya wingu na kukausha matone; wingu hilo litatoa upepo mkali wa kushuka na vumbi, lakini mvua kidogo. Safu yenye unyevu kuanzia chini hadi kilomita 5 au 6 ndiyo inayofanya karibu kila tone lifike chini.

Kisha kokotoa unene wa sehemu ya joto ya wingu, yaani kutoka kitako cha wingu hadi pale joto linapofika nyuzi sifuri. Kitako cha wingu unaweza kukikadiria mwenyewe: toa nyuzi za kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kuwa maji) kutoka kwa joto la hewa, zidisha kwa mita 125. Joto likiwa nyuzi 26 na umande nyuzi 20, kitako kipo mita 750 juu ya ardhi. Ukiwa kwenye mwinuko wa mita 1,000, hiyo ni mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Mstari wa sifuri ukiwa mita 4,800, sehemu ya joto ina unene wa mita 3,050. Ikizidi kilomita 3, matone hugongana na kukua haraka bila kuhitaji barafu, na wingu humwaga maji kwa wingi hata kama halikupanda sana.

Hapa pana mtego. Mawingu ya aina hiyo mara nyingi hayana radi nyingi wala mvua ya mawe. Kwa hiyo uchache wa radi usikulaze. Vilevile, nishati ya kupaa kwa hewa, ile inayoandikwa CAPE, haihitaji kuwa kubwa kupindukia. Ikiwa imesambaa kwa wembamba kutoka chini hadi juu sana, hewa hupanda polepole na matone hupata muda wa kukusanyika. Ikiwa nene na kubwa mno, hewa hurusha maji juu yakawa barafu, na sehemu yake hupotea. Waliozoea kutabiri vimbunga na mvua za mawe huona vigumu kukubali hili.

Mvua ya siku zilizopita iwekwe kwenye daftari hilohilo. Ardhi iliyolowa kwa siku tano ni kidakio tofauti kabisa na kile ulichokichora kiangazi.

Hatua ya 3: Soma upepo wa ngazi mbili

Kama una dakika kumi tu za utabiri kwa siku, zitumie hapa.

Upepo wa kwanza ni wa chini, kutoka ardhini hadi kilomita 1.5 hivi juu yake. Huo ndio unaoleta mvuke. Jiulize unapiga mlima upande gani, na kwa pembe gani. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukikutana uso kwa uso na mteremko unaopanda mita moja kwa kila mita 20, unainua hewa kwa nusu mita kwa sekunde. Ni kidogo ukilinganisha na mkondo wa ndani ya wingu la radi, ambao hupita mita 10 kwa sekunde bila shida. Lakini mkondo wa wingu hufa baada ya nusu saa, na mlima haufi. Kila wingu likichoka, mlima unainua jingine palepale.

Upepo wa pili ni wa tabaka la mawingu, takriban kilomita 3 hadi 6 juu, kwenye chati za mgandamizo wa hewa wa hektopaskali 700 hadi 500. Huo ndio unaosukuma mawingu. Ukiwa chini ya mita 10 kwa sekunde, mawingu yatajikokota. Ukiwa chini ya mita 5, chukulia kwamba yatasimama.

Sasa unganisha pepo hizo mbili, kwa njia iliyowekwa wazi na mtabiri wa Marekani Stephen Corfidi katika miaka ya 1990. Kila wingu moja moja husafiri na upepo wa juu, lakini mawingu mapya huchipuka upande ambao hewa yenye unyevu inatokea. Mwendo wa kundi zima, basi, ni upepo wa juu ukitoa upepo wa chini, kwa hesabu ya mishale. Mfano: upepo wa juu unatoka magharibi kwa mita 8 kwa sekunde, na wa chini pia unatoka magharibi kwa mita 7. Kila wingu linakimbilia mashariki, lakini jipya linazaliwa magharibi yake kwa karibu kasi ileile. Kundi linasogea mita moja kwa sekunde, ambayo ni kilomita 3.6 kwa saa, mwendo wa mtembeaji asiye na haraka. Anayetazama upepo wa juu peke yake angesema mvua itapita baada ya dakika ishirini.

Hali hiyo huzaa mvua za kufuatana: mawingu yanapita juu ya kidakio kimoja kama mabehewa ya garimoshi, kila moja likimwaga mzigo wake mahali pale pale. Tokeo la pili ni lile la Big Thompson, na la Rapid City, South Dakota, usiku wa tarehe 9 Juni 1972, ambako watu 238 walikufa. Katika siku zote mbili upepo wa chini wa mashariki ulipandisha hewa yenye unyevu kwenye mteremko, na upepo wa juu ulikuwa dhaifu mno kuliondoa wingu. Zikionekana dalili hizo pamoja, mvuke wa juu kuliko kawaida, upepo wa chini unaopiga mlima na upepo wa juu uliolegea, sisubiri modeli iniambie kuna mvua. Nawapigia simu watu wa bondeni asubuhi hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kadiria saa na mahali pa kuanzia

Mchana miteremko inayotazama jua hupata joto kabla ya mabonde, hewa hupanda kando ya mlima, na mawingu ya kwanza huchipuka juu ya migongo ya vilima kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Mvua kubwa hufuata alasiri na jioni, mara nyingi pale pumzi baridi kutoka wingu moja inapogongana na nyingine au na upepo unaopanda bonde. Usiku hewa baridi huteremka, na mabonde yaliyozungukwa na milima yanaweza kupata mvua saa ambazo watu wamelala.

Mistari ya pepo zinazokutana ina uzito uleule wa mlima. Katika kijiji cha Boscastle, Uingereza, tarehe 16 Agosti 2004, pepo zilikutana kwenye mstari karibu na pwani, na mawingu yakazaliwa moja baada ya jingine juu ya vilima vilevile. Kipima mvua cha jirani kilipata takriban milimita 200 kwa saa tano. Magari yalisombwa hadi baharini, ingawa hakuna aliyekufa.

Zoea kuandika saa ambayo mnara wa kwanza wa wingu unatokea na juu ya kilima gani. Ukitokea saa mbili mapema kuliko kawaida, na kitako chake kiko chini kiasi cha kufunika vilele, siku hiyo ina unyevu kuliko chati ilivyosema.

Hatua ya 5: Itumie modeli kwa inachokijua

Modeli za dunia nzima huigawa dunia katika vipande vya upana wa kilomita 9 hadi 25. Ndani yake mlima wako umelainishwa na bonde lako halipo. Zinafaa kwa mvuke, pepo na mwelekeo wa siku, si kwa milimita. Modeli zenye vipande vya kilomita 4 au chini ya hapo huunda mawingu ya radi yenyewe, na thamani yake iko katika tabia: je, mawingu yanasimama au yanapita? Yanarudia njia moja? Kiwango cha juu kabisa kwenye ramani nzima ni kipi?

Mahali halisi usipaamini. Modeli ikiweka doa la milimita 120 kilomita 30 kutoka kwako, soma hivi: mkoa huu leo una uwezo wa kutoa milimita 120, na kidakio chochote ndani ya masafa hayo, hasa chenye mteremko unaoelekea upepo, kinaweza kuzipokea. Linganisha na matokeo ya modeli nyingine na ya saa sita zilizopita. Doa likihama kila mara lakini likiwepo kila mara, hatari ipo na mahali hapajulikani, na onyo lako liseme hivyohivyo.

Hatua ya 6: Wingu likishachipuka, fuatilia kila dakika kumi

Rada ni chombo kizuri chenye macho yanayozibwa na milima. Mwale wake unaoelekezwa nusu nyuzi juu ya upeo, ukifika umbali wa kilomita 100, tayari uko takriban kilomita 1.5 juu ya usawa wa rada, na mvua nzito ya mawingu ya joto inatengenezwa chini ya hapo. Kaa na orodha ya vidakio ambavyo rada yako haivioni. Ukimya wa rada juu ya bonde lililofichwa si habari njema, ni kukosa habari.

Tatizo jingine limo kwenye kugeuza mwangwi, yaani mawimbi yanayorudi kwenye rada baada ya kugonga matone, kuwa mvua. Kanuni inayotumika sana kwa mvua za radi huupa mwangwi wa desibeli 45 kama milimita 28 kwa saa. Kanuni ya mvua za tropiki huupa mwangwi huohuo kama milimita 56 kwa saa. Kama ulikokotoa kwenye hatua ya 2 kwamba sehemu ya joto ya wingu ni nene, izidishe mvua ya rada kwa mbili kichwani mwako kabla hujafanya uamuzi.

Kwenye picha za setilaiti, zinazokuja kila dakika 10 au 15, tafuta ukingo mkali usiosogea upande ambao upepo unatokea, huku wingu lililobaki likitandazwa upande wa pili. Weka alama mahali wingu jipya linapozaliwa. Likizaliwa mara tatu mfululizo karibu na palepale, umeshampata mshukiwa wako. Makadirio ya mvua ya setilaiti kama IMERG hufika saa kadhaa baada ya mvua. Ni ya kuandikia ripoti.

Vipima mvua ndivyo vinavyomaliza ubishi. Milimita 10 kwa dakika 10 ni kasi ya milimita 60 kwa saa, na hiyo ndiyo iliyojaza mto wetu wa mfano. Kumbuka kipima cha ndoo za kubinuka husoma pungufu mvua ikiwa kali sana. Na kama huna kipima juu ya kidakio, mtafute mtu mwenye simu anayeishi huko, umpe chombo chochote chenye kuta zilizosimama wima na rula. Kwangu mtu huyo ni bora kuliko rada.

Usiye na chombo chochote, hesabu sekunde kati ya mmeko wa radi na ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Lakini mlima huzuia sauti na macho pia. Dalili ya mvua ni mawingu, ila ndani ya korongo mawingu hayo huenda yako nyuma ya ukuta wa mwamba. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya korongo la Antelope, Arizona, kwa maji ya mvua ya radi iliyonyesha mbali juu ya kidakio. Anayeingia korongoni aangalie anga la kidakio chote, siyo lile lililo juu ya kichwa chake.

Hatua ya 7: Linganisha na kikomo, kisha uamue mapema

Kikomo ni kiasi cha mvua ya saa moja, tatu au sita kinachotosha kuufanya mto uanze kufurika kwa hali ya ardhi ya leo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lina mfumo wa mwongozo wa mafuriko ya ghafla unaozipa nchi nyingi namba hizo kupitia idara zao za hali ya hewa, ziombe. Pasipo namba, kwa kidakio kidogo chenye mteremko mkali mimi huanzia milimita 25 kwa saa kwa tahadhari na milimita 40 kwa kuhama, nikipunguza theluthi ardhi ikiwa imelowa, na nusu au zaidi ikiwa imeungua. Hizo ni namba za kuanzia tu, matukio yatazirekebisha.

Sasa rudi kwenye zile dakika 43. Kipima kikisomwa kila robo saa, dakika 15 zimekwenda kabla hujajua. Kuwatoa watu kambini au kufunga daraja kunachukua dakika 20. Zimebaki 8, na hapo hakuna simu iliyokosa mtandao. Kwenye vidakio vya namna hii uamuzi wa kuhama hauwezi kungoja kipima kivuke kikomo. Lazima uchukuliwe wakati wingu limeonekana kusimama, wakati mwingine kabla halijatokea, kwa pepo za hatua ya 3 peke yake. Ndiyo, utawahamisha watu kwa mvua ambayo haikunyesha, na watalalamika. Waambie tangu mwanzo wa msimu kwamba hilo litatokea.

Ujumbe uwe mfupi, wenye mahali na kitendo: "Wingu zito limesimama juu ya chanzo cha mto. Maji yanaweza kufika darajani kabla ya saa kumi na nusu. Tokeni kando ya mto sasa, pandeni upande wa shule, msivuke kwa mguu wala gari." Neno "uwezekano wa mvua kubwa" halimwinui mtu kitini. Wanaodhani gari litapita wapewe vipimo: maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 huondoa magari madogo, na sentimita 60 huondoa mengi ya magari yote.

Aliye kando ya mto bila mawasiliano atazame maji yenyewe. Yakibadilika rangi ghafla, yakibeba majani na vijiti, yakinguruma kutoka juu, ni kupanda kilimani papo hapo, si kukimbia kufuata bonde. Mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha ni ishara mbaya zaidi: kuna kitu kimeziba huko juu.

Hatua ya 8: Kushusha tahadhari na kuandika

Mvua kukatika si mwisho. Kilele cha mto huja baada ya mvua, na wingu la pili likikuta ardhi imeshiba halihitaji nusu ya maji ya kwanza. Shusha tahadhari pale tu mambo matatu yametimia: hewa baridi ya mvua imetanda bondeni na upepo wa chini hauupigi tena mlima, vilele vya mawingu vinapata joto kwenye picha za setilaiti bila mnara mpya upande upepo unakotoka, na mto umeanza kushuka kwa watazamaji wote, siyo mmoja.

Kesho yake, kabla watu hawajafagia, nenda ukapige picha alama za maji kwenye kuta na miti. Andika mvua kubwa kuliko zote ya dakika 10 na ya saa moja, saa iliyoanza kukolea, saa ya kilele mtoni, na pepo za ngazi mbili za asubuhi ile. Kama kilele kilikuja baada ya dakika 30 na wewe uliandika 43, futa 43. Siku ambazo ulitahadharisha na mto haukupanda ziandikwe kwa umakini uleule, maana bila hizo hutajua kikomo chako kiko chini mno au wingu lilikwenda bonde la jirani.